Beseni la vikombe: shajara ya mradi wa maji na chakula, Ziwa Albert

10 Februari

Karatasi ya mwisho imefika. Kibali cha kamati ya maadili tulikuwa nacho, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia pia, na jana barua ya wilaya ilinikuta jikoni namenya matoke. Kazi inaanza.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Lugha hii niliipata kwenye foleni ya bomba, kabla sijajua kwamba wako Waganda wanaoiona ni ya askari na wezi. Na mwaloni tunakokwenda hakuna nyingine inayotosha. Kuna Waalur, Wagungu, Wanyoro, na Wakongo waliovuka kutoka Ituri, na wote wakigombania bei ya samaki wanagombana kwa Kiswahili. Fomu za ridhaa tumeziandika kwa Kiswahili, Kinyoro na Kialur, na kwenye neno "bakteria" tulikwama siku mbili. Ukisema "wadudu" mtu anatafuta kitu chenye miguu. Wakongo wenyewe wanasema "mikrobe", na kipindupindu wanakiita "kolera", kwa hiyo tumeandika hivyohivyo.

Kazi ni hii: kwa miezi sita tupime maji na vyakula vya mwalo mmoja wa upande wa Hoima, tujue bakteria wa kuhara wanapitia njia gani mpaka mdomoni. Jina la mwalo silitaji. Mahali pakishaandikwa pamoja na neno kipindupindu, samaki wake hawauziki.

Kwa nini ziwa hili? Februari 2018, wakati maelfu ya wakimbizi wakivuka kwa mashua kutoka Ituri, kipindupindu kililipuka huku na waliougua wakapita 2,000. Miezi michache baadaye ikaja chanjo ya kunywa. Kisha 2020 ziwa likapanda, na wenyeji wanakuonyesha kwa kidole vyoo vilikokuwa: sasa ni maji, na mitumbwi inafungwa hapo.

Dhana yangu naiandika leo ili baadaye nisijidai nilijua: mshitakiwa ni ziwa.

14 Februari

Safari ya kwanza. Kutoka mji wa Hoima unateremka bonde la ufa mpaka masikio yanaziba, halafu joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Ng'ambo, hewa ikiwa safi, milima ya Kongo inaonekana ya buluu.

Kijana wa boda aliyetubeba aliuliza kwa nini tuna masanduku mawili ya baridi na moja halina barafu. Swali zuri, hata wanafunzi hulikosa. Sampuli za E. coli tunazihesabu, koloni moja moja (yaani doa moja moja la bakteria waliozaliana mpaka wakaonekana kwa macho), kwa hiyo zinakaa kwenye barafu na kuchujwa ndani ya saa sita, bakteria wasije wakazaliana njiani na kutupa hesabu ya uongo. Vibrio cholerae, mwenye kipindupindu chake, ni mpenda joto. Ukimlaza kwenye barafu anadhoofika, na maabara, kwenye zile sahani ndogo za kuoteshea bakteria, unaotesha sahani tupu. Yeye anasafiri kivulini tu, kama abiria mwingine.

E. coli wengi hawana ubaya wowote, tunawabeba tumboni sote. Tunawahesabu kwa sababu wakionekana kwenye maji ujue kinyesi kimepita hapo, na kinyesi hakisafiri peke yake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni asiwepo hata mmoja katika mililita 100.

21 Februari

Hasara ya kizembe. Fundi wetu mpya ameiweka agari ya TCBS, ule ute wa kumwoteshea Vibrio, kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, pamoja na vyombo vingine. TCBS haipikwi hivyo. Unaichemsha tu, unakoroga, unamimina. Ikipata joto la otoklevu inaharibika. Chupa nzima imekwenda na bei yake nisiitaje, nitapandwa na presha. Sikumfokea sana. Mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza, na mwalimu wangu alinifanya niandike "TCBS huchemshwa" kwenye ukurasa mzima.

5 Machi

Tatizo la ziwa ni ukubwa. Ukichota chupa umepima chupa, na bakteria aliyepita dakika tano baadaye hukumwona. Kwa hiyo tumerudi kwenye mbinu ya kizamani aliyoitumia Moore huko Uingereza mwaka 1948, alipokuwa akifuatilia vimelea vya paratifoidi kwenye mifereji ya maji machafu mpaka kwa mtu aliyekuwa akivitoa. Unachukua gozi, ile shashi nyeupe ya kufungia vidonda, unaikunja nene, unaifunga kwa waya na kuiacha majini siku mbili. Maji yanapita, vinavyoelea vinanasa. Haina umeme, haina betri, na gozi inapatikana kila duka la dawa.

Tulitundika tano: kwenye nguzo za mitumbwi, mahali akina mama wanapochotea maji, na kwenye kijito kinachoshuka kutoka upande wa vyoo.

7 Machi

Zimerudi nne. Ya tano tumeikuta kwenye kiganja cha mvuvi aliyekatwa na ndoana. Aliiona pale inaning'inia, nyeupe, safi, akashukuru Mungu. Tumemsafisha kidonda, tumempeleka kituo cha afya akadungwa sindano ya pepopunda, na gozi imeingia kwenye mfuko wa taka. Kuanzia leo kila gozi ina kibao kidogo cha mbao: USITOE, NI YA KUPIMA MIKROBE.

12 Machi

Mvua. Barabara ya kuteremkia imekatika. Hakuna sampuli.

19 Machi

Saa moja na nusu asubuhi nimefungua inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, na sahani ya gozi namba tatu ilikuwa na njano.

Nieleze kwa wasiojua. Gozi ikifika maabara inatumbukizwa kwenye maji ya peptoni yenye alkali, pH 8.6, makali kiasi cha kuwakwamisha bakteria wengi. Vibrio anayapenda. Baada ya saa sita mpaka nane anakuwa amepanda juu kutafuta hewa, kwa hiyo unachota tone la usoni kabisa bila kutikisa chupa, unalipaka kwenye TCBS, unalala. Asubuhi TCBS ni ya kijani kama chupa ya bia. Vibrio anayekula sukari ya miwa huigeuza njano pale alipoota.

Yalikuwa makoloni kumi na moja, bapa, yanang'aa, kila moja kama milimita tatu, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Nilikaa chini. Kipimo cha oksidesi kiligeuka zambarau kabla sijahesabu kumi. Nikachukua koloni, nikalichanganya na tone la dawa ya deoksikoleti kwenye kioo, nikainua sindano taratibu: likavutika uzi mrefu kama mlenda. Dalili zote zilikuwa zinamtaja mtu mmoja.

Zikabaki antisera, dawa za kumtambua bakteria ni wa kundi gani. Vibrio cholerae wako wa makundi zaidi ya 200, na milipuko mikubwa inaletwa na wawili tu, O1 na O139. Ukichanganya koloni na antisera ya O1, akiwa yeye utaona chembechembe zimegandana kama maziwa yaliyokatika. Hazikugandana. Ningeshusha pumzi hapo, kama nisingejaribu antisera ileile kwenye bakteria wetu wa rejea, ambaye tunajua kwa hakika ni O1. Na yeye hakugandana.

Maana yake antisera imekufa. Chupa ile ilitoka kwa msambazaji mmoja ikasafirishwa kwa basi, ikatufikia na vifuko vya barafu vilivyokuwa vimeshageuka uji, tarehe ya kwisha imefutika kwa unyevu. Nilipiga simu mara tatu wiki ile, nikaambiwa "haina shida". Kosa lao liko wazi, ila na mimi nilipaswa kuipima siku ilipofika, na sikuipima. Niliiweka kwenye friji nikaandika "imepokelewa".

Kwa hiyo saa nne asubuhi nilikuwa na mshukiwa bila kipimo cha kumtambua. Ukisema kipindupindu na kumbe hakipo, umeua soko la samaki la watu elfu. Ukinyamaza na kumbe kipo, unaua watu, na kipindupindu hakingoji: mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa. Nilimpigia afisa wa afya wa wilaya, nikamwambia maneno yenyewe: tuna mshukiwa, jibu hatuna. Akauliza kama kuna mgonjwa wa choo cha maji ya mchele. Kituo cha afya kilisema hakuna hata mmoja. Tukakubaliana wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, waanze kupita nyumba kwa nyumba na klorini ipelekwe penye kuchotea maji, na sampuli iende maabara ya taifa Kampala kwenye Cary-Blair, ule ute wa kusafirishia.

27 Machi

Kampala wamejibu. Ni Vibrio cholerae, si O1, si O139.

Nikateremka leoleo kumwambia mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, maana wiki nzima watu wamekuwa wakinitazama kama nimekuja na jeneza. Mzee alikuwa chini ya mti anashona wavu. Nikamweleza kwamba bakteria tuliyemkuta anaitwa jina lilelile, ana sura ileile, ila ni wa ukoo mwingine, ambao kwa kawaida hauna ile sumu ya kipindupindu. Anaishi tu majini, kama wenzake wa maziwa na bahari nyingi duniani. Anaweza kumharisha mtu mmoja mmoja, mlipuko haleti.

"Sasa dokta, kolera iko ama haiko?"

"Hatukuiona, mzee."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Wewe umekamata kenge." Kisha akaniangalia. "Lakini mamba hujatuambia kama yuko."

Miaka minane nafundisha jambo hili na sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Kwa kweli sahani yangu inaonyesha tu anayekubali kuota juu yake. Rita Colwell, mtafiti wa Marekani aliyemfuata Vibrio kutoka ghuba ya Chesapeake hadi Bangladesh, aliwaonyesha wenzake waliokuwa wagumu kuamini kwamba bakteria huyu ni mkazi wa majini mwaka mzima, na kwamba hali ikimbana anaweza kujikunyata: yu hai, haoti. Sahani inabaki tupu na yeye yupo. Mara nyingi hujishikiza kwenye kopepodi, vijidudu mithili ya uduvi mdogo mno, na kopepodi wakiongezeka naye anaongezeka.

Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza na mtoto mgongoni akauliza, kama hao uduvi wanaonekana, si wachujwe? Nikacheka, maana Colwell alifanya hivyohivyo. Huko Matlab, Bangladesh, wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, na katika matokeo yaliyotolewa 2003 kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Kuukuu ndiyo inayofaa, kwa sababu nyuzi zimeshalegea kwa kufuliwa na matundu yamejiziba. Mama akashika ncha ya kitenge chake. Nikamwambia kitenge kipya hapana, kile cha kubebea mtoto ambacho kimefuliwa miaka mitatu kinaweza. Ila kifuliwe kwanza, kwa sababu za wazi. Na nikamwambia pia kwamba kitambaa kinazuia bakteria waliopanda kopepodi, wanaoelea peke yao kinawapitisha.

3 Aprili

Hili halimo kwenye mradi, ila limeniwasha. Vijana wawili wa mwaloni wamekuja na karatasi za "taifodi" kutoka kliniki moja binafsi, na mifuko ya dawa. Kipimo: Widal. Mimi mwenyewe nilishapewa taifodi mara mbili na kliniki za aina hii nikameza siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, wiki nzima, na mara ya pili ilikuwa malaria.

Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria, kinatafuta kingamwili alizoacha, na hapa kwetu watu wengi wana kingamwili za kitu fulani kinachofanana. Kupimwa mara moja tu hakukuambii kama unaumwa leo au uliumwa mwaka juzi. Jibu la kuaminika ni kuotesha damu, na kunataka maabara, siku kadhaa na pesa. Kwa hiyo kila homa inaitwa taifodi, kila taifodi inapewa dawa, na taifodi yenyewe inazidi kuwa sugu. Nayo ipo, na ni ya kuogopwa: Kasese mwaka 2008 na 2009 watu wengi walitoboka utumbo. Nimewaandikia vijana barua ya kwenda hospitali kuoteshwa damu. Mmoja ameitumia kufungia tumbaku.

23 Aprili

Miezi miwili ya gozi, chupa na sahani, na leo nimegundua nilikuwa nasimama mahali pasipo.

Baada ya kuchota sampuli za alfajiri huwa tunakunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na mizani ya samaki. Chapati, maharage, chai ya maziwa. Leo nilifika mapema, mitumbwi ikiwa bado kurudi, nikakaa karibu na jiko kuliko kawaida. Mkono wake wa kushoto kulikuwa na beseni la plastiki, jekundu, limepasuka ukingoni na kushonwa kwa waya. Mvuvi anamaliza chai, anaweka kikombe. Mama anakizamisha kwenye beseni, anakizungusha mara moja, anakikung'uta, anakijaza, anampa mwingine. Vikombe kumi na viwili. Wavuvi labda mia moja na hamsini. Maji ya beseni yaliwekwa saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake kinaelea kipande cha chapati.

Nikamwomba ruhusa nipime. Akasema, "Pima, dada, sina ya kuficha," kwa sauti ya mtu mwenye la kuficha.

Tulichukua vitu vinne. Maji ya ziwa alikochota, maji ya birika, maji ya beseni, na pamba iliyopitishwa ukingoni mwa kikombe kilichotoka kusuuzwa.

24 Aprili

Birika: sahani tupu kabisa, nyeupe kama ilivyotoka dukani. Mama anachemsha ipasavyo, na nitamwambia hivyo kwanza.

Ziwa: makoloni 38 ya E. coli katika mililita 100. Pabaya, na ndivyo nilivyotarajia.

Beseni: hayahesabiki. Nikapunguza mara kumi, hayahesabiki. Mara mia moja, ndipo nikaweza kuyaweka alama kwa kalamu, na kalamu ikaisha wino. Ukingo wa kikombe: umejaa.

Mwenzangu amesema chai ya moto itawaua. Itawaua waliomo ndani, kweli. Lakini chai haijazwi mpaka juu, na pale mdomo unapogusa ndipo isipofika. Isitoshe vikombe hivyohivyo mchana vinatolea maji ya kunywa na bushera, kinywaji cha nafaka iliyochachushwa. Bushera iliyochacha vizuri ina asidi, na Vibrio asidi haiwezi. Kunywa bushera kali kungekuwa salama kuliko maji ya dumu. Ila mama anaizimua kwa maji ya ziwa ili iwatoshe wateja, na baada ya hapo ukali unabaki wa jina. Nilikumbuka Kampala 2015, mlipuko wa taifodi ambao washukiwa walipita 10,000, uchunguzi ukaishia kwenye maji na vinywaji vilivyokuwa vikiuzwa katikati ya jiji.

Kwa hiyo maji ya chai yanatoka ziwani na makoloni 38, yanachemshwa yanafika sifuri, halafu yanamiminwa kwenye kikombe kilichooshwa na midomo ya watu mia.

30 Aprili

Nimempelekea mama sahani zenyewe, zimefungwa kwa gundi, azione kwa macho. Nilipomwambia "haya ni makoloni", mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akauliza kama Waingereza wamerudi.

Mama alizitazama muda mrefu. Hakukasirika. Alishika ile ya birika, akaiinua wavuvi waione: "Hii njo chai yangu." Ya beseni akaniuliza polepole, "Na hii ni ya beseni ama ni ya midomo yao?"

Ni ya wote, nikasema. Beseni linakusanya.

Basi tumepanga naye. Siku moja kusuuza kama kawaida ila maji yabadilishwe kila saa. Siku nyingine klorini ndani ya beseni. Siku ya tatu hakuna beseni, kikombe kinamwagiwa maji yanayochemka kutoka kwenye birika. Makaa ya ziada nalipa mimi kwa sasa, hilo alilitaja kabla sijamaliza sentensi.

7 Mei

Siku ya kubadilisha maji kila saa ilikuwa afadhali kidogo, na mtoto aliyetumwa kuchota alikimbia saa nne kwenda kucheza mpira.

Siku ya klorini imenifundisha jambo la aibu. Nilipima dozi kama kitabu kinavyosema. Nusu saa baadaye kidonge cha kupimia kiliyageuza maji waridi, vizuri, zaidi ya miligramu 0.5 kwa lita. Saa tatu baadaye yakabaki meupe pe, klorini haipo. Maziwa, sukari na makombo ya chapati viliila. Klorini haichagui cha kuunguza. Ikikuta uchafu inajimaliza hapo kabla ya kumfikia bakteria.

Na kuna jingine nililopaswa kulifikiria Februari. Kipimo changu cha pH kimesoma 8.9 kwenye maji ya ziwa. Klorini ikiingia majini inagawanyika kuwa aina mbili, na inayoua kwa kasi ni asidi ya hipoklorasi. Kwenye pH 7.5 ni nusu kwa nusu. Ukifika 9 aina kali inabaki chini ya 5 kati ya 100. Yaani kwenye ziwa hili klorini ileile inahitaji muda mrefu zaidi kufanya kazi ileile, na vile vidumu penye kuchotea, mtu anapewa dozi, anatikisa, anakunywa palepale. Nimemwandikia afisa wa afya: dozi ipimwe kwa maji ya hapa, na watu waambiwe wasubiri. Na yale maji ya alkali ninayoyatengeneza maabara kwa vipimo ili Vibrio astawi, pH 8.6! Ziwa limenitengenezea bure.

Nayikondo, pampu ya mkono iliyochimbwa juu kidogo ya kijiji, ina maji safi kwa vipimo vyangu vyote. Hakuna anayeyanywa. "Ile iko chumvi," wanasema, "chai inakatika." Nimeonja. Wana haki.

14 Mei

Umeme umekatika tangu usiku, jenereta haina mafuta, inkubeta imepoa. Sahani za siku ya tatu zote zimetupwa. Tunarudia.

20 Mei

Tumerudia siku ya birika. Kingo za vikombe sita tulizopima: tano tupu, moja ina makoloni mawili. Sijawahi kuona tofauti ya namna hii kwa kitu kilichokuwa kikichemka muda wote hatua moja kutoka kwenye tatizo.

Sasa lawama. Wavuvi wawili wameungua vidole na wamesema watahamia kwa jirani, ambaye beseni lake bado ni la zamani. Makaa yamekwenda debe moja na nusu badala ya moja. Na vikombe vitatu vya plastiki, vile vya bluu, vimejikunja kwa maji ya moto vikawa kama masikio. Mama amevipanga juu ya meza mbele yangu, kimya, kama vielelezo mahakamani.

Keshokutwa nashuka tena na gozi sita, na vikombe kumi na viwili vya bati vyenye mkono. Nimemwambia ni mkopo. Amesema atalipa kwa chai, na kwamba jirani ameshauliza bei ya sahani zangu.